Mashine ya Mahari

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimerudi kutoka Iringa. Miguu imevimba, macho yamevimba, vyote vimeshindana. Baridi ya Mbeya leo haina adabu. Nimejifunika mablanketi mawili.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya. Nilikwenda kumshtukiza mume wangu kwa Idi. Nikashtukizwa mimi! Sahani ya pilau mkononi, jirani yao ananiuliza kama nimeshaonana na mke mwenzangu. Mke mwenzangu. Alawi ameoa tangu mwezi wa pili, anaitwa Severina, msichana wa Kilolo aliyesilimu. Dini inamruhusu, najua. Lakini hakuniambia. Kila Jumapili alinipigia simu, akaniuliza nimekula nini.

Jana ami alipanda basi la alfajiri kunifuata. Tukakaa kwa Maalim aliyetufungisha ndoa, mimi na ami upande huu, Alawi na mama yake upande ule. Nikasema naomba kuachwa. Alawi akasema yeye haachi mke. Eti nikitaka kuondoka mwenyewe, nimrudishie mahari yake. Maalim akaeleza taratibu, kama anamweleza mtoto: hiyo ndiyo khului. Mke anarudisha mahari, mume anapokea kwa mkono wake, ndoa imekwisha.

Na mahari yangu ni mashine ya gemu.

Nilitaka mwenyewe. Mashangazi walishanipangia seti ya dhahabu na kitanda cha sita kwa sita. Nilipoulizwa nikasema: mashine ya gemu, mpya, na pedi mbili za kuchezea. Ami alipaliwa na kahawa! Lakini mahari ni haki ya bibi harusi, wangefanya nini? Mimi na Alawi tulijuana kwenye banda la gemu pale Mwanjelwa. Nilimfunga nne bila mbele ya rafiki zake wote. Nilitaka ndani kwangu kiwepo kitu cha kutuchekesha tukiwa wazee.

Sasa hiyo mashine iko wapi? Niliiuza. Mwaka juzi, pamoja na bangili zangu, ili Alawi afungue duka la spea za pikipiki huko huko Iringa. Jana nilimtazama, nikangoja aseme mwenyewe. Akatazama mkeka. Ukucha wake ukawa unachokonoa uzi mmoja wa mkeka, unachokonoa, unachokonoa. Nami nikanyamaza. Mwanamume havuliwi nguo mbele ya mama yake.

Asante ya punda ni mateke. Haya, nimepigwa.


Jumanne, 10 Juni

Nimemweleza Junaid. Nilikosea kumweleza akiwa kazini. Mdogo wangu huyu ana banda lake mwenyewe sasa, televisheni sita, na wateja wote waligeuka kumtazama alivyofoka. "Dada, mashine uliuza ukampa hela yeye! Halafu umenyamaza? Umemsitiri wa nini?" Nikamwambia apunguze sauti. Akaipunguza sauti ya televisheni.

Baadaye akatulia. Akawa fundi tena. Anauliza: Maalim alitamka aina gani siku ile ya ndoa? Nikamwambia hakutamka aina. Maalim hazijui hizo, alitangaza tu mashine ya gemu, mpya, na pedi zake mbili. Msikiti mzima ukacheka.

Junaid akapiga meza. Basi tuna uhuru! Si lazima iwe ileile. Ziko za kampuni hii na ile, na hakuna aliyetaja. Nikampigia Maalim kuhakikisha. Kasema ndiyo mwanangu, iwe mpya, iwe ya kuchezea kweli, isiwe kidude cha mtoto. Iwe na pedi mbili.

Nilikuwa nadunduliza hela ya cherehani ya overloki, ya kuziba kingo za nguo ninazoshona. Imepata kazi nyingine.


Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nimekata sare za shule, jioni nimekwenda mjini kwenye duka la Anyitike. Kijana wa Kinyakyusa, mpole, ana duka dogo la vioo limejaa mwanga kama hospitali. Nikamwambia nataka mashine ya gemu. Akauliza ya zawadi? Nikasema ndiyo. Ulimi nao!

Ziko tatu. Naziandika zisinichanganye.

PlayStation 5. Kubwa, nyeupe, imekaa kwa maringo. Ghali. Iko ya kuweka CD na iko isiyo na tundu la CD. Ya tundu inacheza hata CD za ile ya zamani, ya nne. Kwenye boksi kuna pedi moja tu! Ya pili unanunua.

Xbox, ile ndogo, S. Nzuri jamani, kama redio ya kisasa. Bei nafuu kuliko hiyo nyeupe. Haina tundu kabisa. Kila gemu unalishusha kwa intaneti. Pedi moja pia.

Switch. Hii unaichomeka kwenye televisheni au unaishika mkononi. Pedi zake ni vipande viwili vinavyochomoka pembeni, mnagawana, huyu kushoto huyu kulia. Hii peke yake ndiyo inakuja na mbili bila kuongeza. Anyitike akavichomoa, akanipa kimoja na yeye akashika kimoja. Vidogo. Kila mtu na nusu yake.

Nikasema hii hapana. Nimetoka dukani bila kuaga vizuri, nimejisikia vibaya.


Ijumaa, 13 Juni

Xbox! Nimeamua. Junaid ndiye aliyenifungua macho. Alawi ana CD zake za mpira na za magari, kazipanga kwenye kabati la mama yake kama vikombe vya kombe la dunia. Hazikopeshi. Hakuna wa kuzigusa. Sasa apokee mashine isiyo na tundu! Azunguke nayo akitafuta pa kuchomeka. Halafu anunue bando la kushusha gemu moja, gemu zito kama gunia la viazi, na duka lake lenyewe halishiki mtandao.

Tumecheka na Junaid mpaka tukashika mbavu. Kwa mara ya kwanza tangu Idi.

Nimefika nyumbani nikacheka tena peke yangu. Halafu kicheko kikageuka njiani.


Jumapili, 15 Juni

Hajapiga simu. Ni Jumapili.

Nimekula nini? Sijala.


Jumanne, 17 Juni

Amepiga. Niliacha iite, nikaacha, nikapokea.

Hakusalimia. Amesema, usinunue. Nikauliza nisinunue nini? Akasema nimesikia kwa ami yako unazunguka madukani, usinunue. Nikamwambia wewe ndiye uliyetaka mahari. Akasema nilijua huna hela ya mashine mpya. Nilisema vile ili ushindwe, ubaki. Eti ndiyo mapenzi hayo! Amenifungia mlango kwa kitu nilichokiuza kwa ajili yake, halafu anataka nimshukuru kwa kufuli.

Nikamwambia, Alawi, pale kwa Maalim kwa nini hukusema niliuza? Nasikia pikipiki inapigwa resi dukani kwake. Akasema, mama alikuwepo.

Najua. Ndiyo maana na mimi sikusema. Tumeelewana hata katika hilo, inaniuma kuliko yote.

Nikamuuliza, na Severina utamwacha? Akasema, Severina ni mjamzito.


Jumatano, 18 Juni

Mjamzito.

Miaka saba. Hospitali zote. Dawa za kunywa na za kuoga. Mama mkwe hakuwahi kunisema, hata siku moja, Mungu amlipe. Alawi naye alikuwa ananiambia acha bwana, tuna gemu letu, mtoto atakuja akikuta nafasi. Nilimwamini. Kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu.

Nimeshona suruali moja miguu ikapishana. Nimefumua. Nimerudia. Imepishana tena.


Alhamisi, 19 Juni

Ami amekuja na ndizi na maneno. Anasema mke wa kwanza ni mke wa kwanza, nyumba ina nguzo. Mtoto wa mwenzio ni wako. Nikamwambia, ami, nguzo haiambiwi kama nyumba inaongezwa chumba? Akatafuna ndizi. Akasema haya, nitakusindikiza. Ila akaweka sharti lake: mashine isifunguliwe boksi. Ikifunguliwa si mpya tena. Mahari haijaribiwi dukani!

Junaid akaruka. Je, ikiwa mbovu? Vitu vya boksi vina mengi! Wamebishana mpaka chai ikapoa. Ami kashinda kwa sababu ana ndevu.


Jumamosi, 21 Juni

Nimenunua. Sijielewi.

Nilikwenda kununua Xbox. Nilishaitoa hela mfukoni. Anyitike, kwa ustaarabu wake, akauliza, dada, huyo unayempelekea anapenda kucheza nini? Swali la mwenye duka tu. Nami nikafunguka! Nikamwambia anapenda mpira, anachukua Brazili kila siku, akifungwa anasema pedi imekwama. Nikamwambia anakunja ulimi nje akipiga penalti. Anyitike anatabasamu. Nikamwambia mume wangu ana CD nyingi za zamani, anazipenda sana.

Mume wangu. Nimelisema mwenyewe, kwa sauti.

Basi dada, Xbox utamwonea, akasema Anyitike. Mpelekee hii ya tundu. Akaiteremsha ile nyeupe kubwa.

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na hela mkononi na hasira kifuani, vyote vinatosha Xbox. Nikatazama ile nyeupe, nikamwona anachagua CD, anapuliza vumbi, anaisukuma ndani. Nikasema nipe hiyo. Na pedi ya pili. Anyitike akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga sana, akanifungia kwa kamba nibebe vizuri. Kamba ya zawadi, nyekundu.

Junaid hataki kuongea nami. Amesema tu, dada, unamrudishia mahari au unamposa?

Sijui, Junaid. Sijui!


Jumatatu, 23 Juni

Boksi liko juu ya kabati. Usiku najigeuza upande wa pili nisilione.

Maalim amesema Jumamosi, nyumbani kwa mama mkwe.


Ijumaa, 27 Juni

Iringa. Tumelala kwa binamu wa ami, Mlandege. Njia nzima nimepakata boksi mapajani. Makambako abiria mmoja akaniuliza ni mtoto wa ngapi. Basi zima likacheka, nami nikacheka. Mafinga nikalia kidogo, nikajifanya ni vumbi. Vumbi gani na kioo kimefungwa?


Jumamosi, 28 Juni

Nimo sebuleni kwa mama mkwe. Naandika hapahapa, daftari gotini. Wanaume wamekwenda kuswali alasiri. Niandike haraka.

Tulifika saa nane. Mama mkwe, Bi Mwanakhamisi, alinikumbatia mlangoni muda mrefu. Mkono wake ukanipiga mgongoni taratibu, kama anamlaza mtoto.

Severina alileta chai. Nilimwogopa kwa wiki tatu, na aliyeingia ni msichana mdogo, uso wa baridi ya Kilolo, mashavu yamepasuka, tumbo linaanza kuonekana. Akapiga goti kunipa kikombe, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene, dada. Karibu chai." Nikapokea kwa mikono miwili, mazoea tu.

Maalim akafungua kwa dua. Ami akasukuma boksi katikati ya mkeka, kamba nyekundu na yote. Haikufunguliwa, akasema kwa fahari. Alawi akalitazama boksi. Nilimwona alipoliona lile tundu lililochorwa pembeni. Akaelewa! Akanitazama, nami nikatazama kikombe.

Maalim akasema, pokea basi. Alawi hakunyoosha mkono. Akasema, Maalim, siwezi kupokea kitu sikijui. Ikiwa mbovu je? Akasema mahari yake ilikuwa nzima, na pedi zote mbili nzima. Ndipo Junaid, ambaye nilimwomba asije na akaja, akamtazama ami kwa jicho la "nilisema mimi!" Ami akashika ndevu. Maalim akafikiri, akasema ni haki yake kukagua.

Ndiyo wakakata kamba. Wakachomeka kwenye televisheni ya mama mkwe. Mashine ikataka intaneti, Junaid akatoa ya simu yake. Ikataka jina. Ikataka saa. Alawi akaenda kabatini, akarudi na CD ya mpira, akaipuliza, akaisukuma ndani. Kwa namna ileile. Ikaanza kunakili. Watu wazima saba tumekaa kwenye mkeka tunatazama mstari unajaa pole pole. Maalim akauliza, hiyo asilimia ni ya nini? Junaid akajibu, ni mashine inajifunza, Maalim. Maalim akasema mashaallah. Mama mkwe akasinzia. Chai ikaletwa tena. Hakuna talaka iliyowahi kuwa na chai nyingi namna hii.

Ilipokuwa tayari Alawi akasema, kuna pedi mbili, lazima zikaguliwe zote. Nani atashika ya pili? Junaid alikuwa ameshanyoosha mkono. Alawi akanipa mimi.

Akasema kwa sauti ndogo, wengine wakasikia: "Mechi moja, Yasmini. Ikipatikana mshindi, napokea. Naapa." Maalim akasema ndoa si mchezo, kijana. Alawi akasema, kwetu sisi ilikuwa hivyo, Maalim, na ilikuwa raha. Maalim akanigeukia mimi. Ningeweza kukataa. Nikashika pedi.

Yeye Brazili, mimi Senegali. Akanifunga mapema, nikarudisha, tukawa sare. Tulikaa mabega yanakaribiana, kwa mazoea tu, na sikusogea. Kuna mahali nilimzidi mbio nikamsikia anasema pedi imekwama. Nikacheka! Mbele ya Maalim, mbele ya Severina aliyesimama mlangoni na sinia. Alawi naye akacheka. Halafu tukakumbuka.

Kuanzia hapo nimecheza ovyo. Si ovyo — nimecheza nyuma. Nikipata mpira namrudishia beki, beki anampa kipa, kipa anampa beki. Junaid akapiga kelele, dada, nenda mbele! Naye Alawi hanifuati kunikaba. Anauacha mpira utembee. Tumefanya hivyo muda mrefu, hakuna anayeshambulia, na mama mkwe alipozinduka akauliza hawa wanacheza au wanapitisha muda?

Mwisho mwisho akapokonya, akatoa pasi mbaya, mpira ukanijia bure. Kipa wake ametoka golini. Mbele yangu peupe. Na adhana ikaadhiniwa. Alawi akabonyeza kusimamisha, wanaume wakatoka wote, mama mkwe akaingia chumbani kuswali.

Severina amebaki. Amekaa karibu yangu, si karibu sana. Ameniuliza kama ni kweli niliuza mashine ya kwanza kufungua lile duka. Junaid amemwambia jikoni, domo lake! Nikasema ndiyo. Akasema, mimi aliniambia mlishaachana, dada. Aliniambia mwaka jana mlishaachana. Analia bila sauti. Nikampa ncha ya mtandio wangu, sikuwa na kitu kingine. Kwa wiki tatu nimempikia laana, na sasa anafuta kamasi kwa mtandio wangu.

Akaitazama televisheni. "Hapo ukipiga, inaingia?" Nikamwambia inaingia, hata wewe ungefunga. "Unabonyeza wapi?" Nikamwonyesha, hiki cha duara. Akaweka kidole chake juu yake, kidogo tu, hakubonyeza. Akakitoa. Akasema, dada, mimi nimeshabeba mtoto wake, siwezi kwenda popote. Wewe unaweza. Akainuka akakusanya vikombe.

Nasikia kandambili mlangoni. Wamerudi. Ami anakohoa. Maalim amekaa mahali pake. Alawi amekaa mahali pake, karibu, ametoka kunawa uso, maji yanamdondoka puani. Amechukua pedi yake. Anasema tuendelee.

Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia kuandika.

Sina cha kuandika tena. Bado naandika.